Herufi Moja Niliyomfutia Baba

"Nimesema punguza sauti ya huyo mwanamke!"

"Mwanamke gani? Humu ndani niko peke yangu na meza."

"Huyo unayemsemesha tangu asubuhi! Mara analia, mara anacheka, mara 'mume wangu usiniache.' Mbona ana sauti yangu?"

"Jirani, sauti haina mwenyewe."

"Usiniite jirani!"

"Nikuite nani sasa? Mke hutaki, rafiki hutaki, dada ndiyo kabisa. Mlango huu wako, mlango huu wangu. Huyo kwa Kiswahili anaitwa jirani."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ghorofa ya pili, pale ngazi zinapoishia. Mama ameshika mwiko, Baba ana kalamu juu ya sikio. Kule chini cherehani ilishanyamaza zamani, na katika jengo letu cherehani ikinyamaza watu wanajua kuna jambo, wanavuta viti.

"Na lile neno lako la wiki iliyopita," Mama akaendelea. "Nimekukosa! Umenikosa kama nani? Kama abiria aliyekosa basi la saa mbili?"

"Lakini Mama Nukta," akadakia Fundi Cherehani kutoka ngazi ya chini, shingo imerefuka kama bomba, "lile neno lilitutoa machozi. Mimi nililia mpaka nikamshonea mteja mkono wa shati kwenye mfuko."

"Umesikia?" Baba akasema, kifua mbele. "Hao ndio wasomaji."

"Basi nenda ukaishi nao!"

Paa! Mlango wa Mama. Paa! Mlango wa Baba. Nikabaki mimi katikati na mkoba wangu begani, mtoto wa milango miwili.

Kwa wewe uliyeingia leo, vuta kiti, nitakusimulia haraka kabla wenzako hawajachoka.

Mimi ndiye Nukta. Jina hilo alinipa Baba siku niliyozaliwa, akasema sasa sentensi imekamilika. Mama anasema yeye alikuwa bado na maneno.

Baba anatunga hadithi ya mfululizo, ile inayotoka gazetini kila Jumamosi, na huitunga akiigiza sauti za wahusika. Mama, katika gazeti hilohilo, anajibu barua za wenye matatizo ya ndoa. Anawaambia wenzake wazungumze na waume zao kwa upole. Mmemsikia hapo juu alivyo mpole.

Mimi ni msomaji prufu. Kazi yangu ni kuwasahihisha wote wawili, na wote wawili wananichukia kwa zamu.

Waliachana miaka mitatu iliyopita. Nyumba ilikuwa na milango miwili, hakuna aliyekubali kuhama, kwa hiyo fundi akaja akapandisha ukuta katikati ya sebule. Dirisha wakagawana nusu kwa nusu. Ukuta wenyewe mwembamba hivi kwamba Baba akipiga chafya Mama anasema "afya" kabla hajakumbuka kuwa wameachana.

Na sababu ya kuachana mnaijua, lakini nairudia kwa sababu leo ina kazi. Mama alimwandikia barua marehemu mama yake. Haikuwa barua ya kusomwa na mtu. Aliiweka kabatini chini ya nguo. Baba akaikuta, akaona imeandikwa vizuri, na Jumamosi ikatoka gazetini neno kwa neno, mdomoni mwa mlevi wa sura ya tisa. Watu walicheka sana. Prufu niliisoma mimi bila kujua, na niliongeza mkato mmoja.

Mama akamwambia: sema umenikosea. Baba akasema: ile ni sanaa. Miaka mitatu, huyu anangoja neno, huyu anatetea sanaa.

Sasa aibu yangu. Wiki iliyopita simulizi langu liliishia nikiwa nimesimama mbele ya kabati la mafaili ofisini. Hii hapa sababu.

Hadithi ya Baba ya Jumamosi iliyotangulia ugomvi huu iliishia kwa mwanamume aliyesimama mlangoni kwa mtalaka wake, amevua kofia. Anafungua kinywa anasema neno moja tu. Mimi nilivyolipokea kwenye prufu, neno lilikuwa *nimekukosea*.

Ninyi mlilisoma *nimekukosa*.

Hiyo *e* niliitoa mimi.

Nikijitetea, nitasema safu ilikuwa imejaa pomoni. Kwa sababu ya herufi moja neno zima lilikuwa linaangukia mstari wa chini, na mstari wa chini ulikuwa wa tangazo la magodoro. Nikatoa *e*, neno likarudi juu, magodoro yakalala salama.

Lakini nimeahidi kuungama, siyo kujitetea. Ukweli ni kwamba niliiona ile *e* nikacheka. Nikasema mchapaji leo amelala vibaya. Kwa sababu katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia Baba akitamka neno hilo, wala kwa Mama, wala kwa mhariri, wala kwa mtu aliyemkanyaga mguu. Nikaona haliwezi kuwa lake. Nikasahihisha.

Mswada wenyewe, kwa mkono wa Baba, ulikuwa kwenye trei, hatua nne kutoka kitini kwangu. Sikunyanyuka.

Jumatatu nilipomtania mchapaji kwa ile *e*, akaniapia: "Nilichapa alichoandika. Tena hiyo *e* aliiongeza kwa wino mwingine." Nikakimbilia faili. Ukurasa wa mwisho haukuwepo.

Basi. Sasa tuko pamoja.

Jumamosi hiyo ya ugomvi niligonga kwanza kwa Mama.

Alikuwa jikoni, sufuria mbili mekoni na ya tatu inangoja. Mama yangu akiwa na hasira anapika, na akiwa na furaha anapika, lakini sufuria tatu zilikuwa kitu kipya.

"Tuna wageni, Mama?"

"Mmoja. Saa saba anakuja kuchukua jibu lake."

Nilijua ni nani. Ofisini tunamwita Bwana Tanzia, kwa sababu ndiye anayeandika matangazo ya vifo. Ni mgane, mpole, ana suti moja nyeusi. Amekuwa akimchumbia Mama miezi minane kwa adabu ya mtu anayeingia nyumba yenye msiba.

"Na jibu lenyewe?"

"Nitamwambia ndiyo."

"Unampenda?"

"Ananisikiliza. Juzi nilimsimulia habari za mama yangu kwa dakika arobaini, hakugusa kalamu hata mara moja."

"Hilo si jibu la swali langu."

"Ukifika umri wangu utaona ndilo."

Nikaanza kukata kitunguu ambacho hakuna aliyeniomba nikikate.

"Na Baba?"

Mama akakoroga, akaonja, akakoroga tena.

"Baba yako nilimngojea, mwanangu. Sikutaka anipigie magoti. Nilitaka neno moja. Jumamosi iliyopita niliisoma hadithi yake nimesimama hapa hapa. Nikaona yule mwanamume kavua kofia, nikasema leo analisema. Nikateremsha macho kwenye mstari wa mwisho polepole, kama mtu anayefunua sufuria ya moto. Nikakuta *nimekukosa*! Yaani hata msamaha wake ni wa kujililia yeye."

Kitunguu kilinisaidia sana wakati ule.

"Na kama angeandika *nimekukosea*?"

Akaweka mwiko chini.

"Ningegonga ule ukuta."

"Kuubomoa?"

"Kugonga tu. Ajue nimesoma." Kisha akaushika mwiko tena. "Lakini hakuandika. Na mimi siwezi kuzeeka nikisubiri sura inayofuata. Nipe hicho kitunguu kabla hujakimaliza kwa machozi."

Ulikuwa wakati wa kusema. Wasomaji wangu, kinywa kilifunguka. Kilichotoka ni: "Nakuja sasa hivi, Mama."

Nilijidanganya kwamba hilo neno lazima litoke kwa mwenyewe. Nikavuka hatua tatu hadi mlango wa pili.

Baba alinipokea kwa shangwe. Meza yake ilikuwa imejaa barua.

"Nukta! Kaa, sikiliza. 'Mpendwa Mtunzi, neno lako limenirudisha kwa mume wangu.' Umesikia? Na hii hapa: 'Mpendwa Mtunzi, nimemwacha wangu, maana baada ya kukusoma nimegundua hajawahi kunikosa hata siku moja.' Sentensi moja, mwanangu! Inajenga na inabomoa!"

"Baba."

"Mhariri ameniongezea sura kumi na mbili. Kumi na mbili! Kwa neno moja!"

"Baba, hilo neno si lako. Niliitoa *e*."

Barua ikateremka polepole mkononi mwake.

Nikangoja ngurumo. Siku moja nilimbadilishia nukta mkato akakataa kula siku nzima. Nikajikaza.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Jumamosi ile nilivaa shati jipya asubuhi na mapema. Nilijua akisoma atatoka nje, ama kunitukana ama vinginevyo, nikataka anikute nimevaa. Nikaenda kununua gazeti. Nikafungua. *E* haipo."

"Ukakasirika."

"Nikashukuru." Alisema akiangalia nusu yake ya dirisha. "Nilivua shati, nikalala usingizi wa mtoto. Kuna maneno, Nukta, mtu anayaandika mara moja. Yakipotea njiani, harudi kuyatafuta."

"Baba, nenda kamwambie. Hatua tatu."

"Nimwambie nini? Kwamba sentensi inayoliza mji mzima ni kosa la prufu? Nitakuwa nani mimi? Mtunzi aliyetungiwa na mwanawe?" Akaanza kukusanya barua zake, akizipanga pembe kwa pembe. "Nyamaza nalo. Mswada umepotea, nimeuliza. Hakuna atakayejua."

"Bwana Tanzia anakuja saa saba. Mama anamkubali."

Mikono ikasimama.

"Anamkubali vipi?"

"Kuolewa, Baba."

Akachukua kalamu, akaifungua kifuniko, akaifunga, akaifungua.

"Hongera yake. Anaandika vizuri yule. Mistari minne minne." Akafika kwenye mlango pamoja nami, kisha kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua: "Saa saba kamili?"

Saa saba kamili Bwana Tanzia alipanda ngazi na suti yake nyeusi. Masikini, kila akipanda ngazi za watu, watu hujiuliza nani amekufa.

"Poleni jamani!" Fundi Cherehani akapiga kelele kutoka chini. "Nani tena?"

"Hakuna, mama. Leo nimekuja kwa walio hai."

Hiyo peke yake ilitosha kuujaza mlango wetu. Kabla hajafika juu alikuwa na watu nyuma yake: Fundi na wateja wake wawili, mmoja akiwa bado amevaa suruali yenye pini, na majirani wa ghorofa ya tatu walioteremka kuchukua hewa. Sitawalaumu. Ningekuwa mimi ningeleta na mto wa kukalia.

Mama akatoka, kitambaa kichwani kipya, mikono inanukia vitunguu. Mlango wa Baba ulikuwa wazi upana wa jicho moja.

Bwana Tanzia akatoa karatasi mfuko wa kushoto, akakohoa.

"Kwa masikitiko ma—" Akasimama. "Samahani. Mkono umezoea."

Ngazi nzima ikacheka. Mama naye akacheka, na nilipoona alivyocheka roho ikanidondoka, kwa sababu kilikuwa kicheko cha kweli.

"Kwa furaha kubwa," akaanza upya, "mimi, mgane wa miaka sita, natangaza nia yangu kwa mama huyu. Nimewaandika waume wengi. Siku ya kuandikwa wote huwa wapole, wapenda familia, hawajapandisha sauti hata mara moja. Wake zao hukaa mbele ya meza yangu na kuniambia: ningejua, ningemwambia akiwa hai." Akakunja karatasi, hakuihitaji tena. "Basi mimi nakwambia uko hai, nami niko hai. Napenda unavyoongea. Napenda unavyonyamaza. Sina la kuongeza."

Mteja mwenye pini akapiga makofi, akajichoma, akaendelea kupiga.

Mama alifuta mikono kwenye khanga yake. Upande mmoja, upande wa pili.

"Bwana," akasema, "jibu langu ni—"

"Mama, ngoja! Kuna *e*!"

Sauti ilikuwa yangu. Niliitambua baadaye.

"E?" akauliza Mama.

"E gani?" akauliza Fundi.

"Amesema hee?" akauliza jirani wa ghorofa ya tatu. "Kwani kashangaa nini?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye magodoro, nikarudi kwenye mlevi, nikafika kwenye trei. Nilipomaliza ngazi ilikuwa kimya hata pini ungeisikia, na tulikuwa nazo.

"Subiri kwanza," Fundi Cherehani akasema. "Yaani mimi nimelilia kosa la uchapaji?"

Mama hakumsikia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mswada ulikuwa wapi?"

"Kwenye trei. Hatua nne."

"Na hukunyanyuka."

"Sikunyanyuka. Niliona... niliona Baba hawezi kuwa ameliandika."

Mlango wa pili ukafunguka wote. Baba alikuwa amesimama pale na shati jipya, mikunjo ya dukani bado kifuani. Alikuwa amenisikia. Sijawahi kumwona mtu akipigwa kofi bila mkono, ila siku ile.

"Uliandika?" Mama akamuuliza.

Baba akatazama chini kwenye ngazi. Wasomaji wake walimtazama juu. Wateja wawili, Fundi, ghorofa ya tatu nzima.

"Mtunzi huandika mambo mengi."

"Nimekuuliza *e*."

"Mswada haupo. Sasa mimi nitathibitishaje? Watu wamelipenda neno lilivyo. Kuna sura kumi na mbili..."

"Kumbe," Mama akasema polepole. "Kumbe mtoto alikuwa sahihi kukusahihisha." Akamgeukia mgeni wake. "Bwana, nilikuwa nasema—"

Bwana Tanzia alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kusoma. Akaingiza mkono mfuko wa kulia.

"Mswada upo," akasema. "Ninao mimi."

Akatoa ukurasa uliokunjwa mara nne.

Jamani! Kule chini mtu alisema "mama yangu" na hakuna aliyecheka.

"Meza yangu iko karibu na trei," akasema, kama mtu anayejisomea tangazo lake mwenyewe. "Mstari wa mwisho wa kila kitu huwa nausoma, ni mazoea ya kazi. Jumamosi nikaona gazeti linasema hivi na mkono wa mwandishi unasema vile. Nikauchukua. Nimekaa nao siku saba. Nilijiambia nitakupa ukishanijibu. Sasa hivi, niliposema sina la kuongeza, nikajisikia vibaya."

"Mwizi!" Baba akang'aka. "Anaiba maandishi ya watu!"

"Wewe," Mama akasema bila hata kumtazama, "neno hilo usiliseme wewe."

Akaupokea ukurasa kwa mgeni.

Mama aliukunjua ukurasa. Nikachungulia begani kwake, ndiyo kazi yangu. Mwandiko wa Baba, wino wa bluu, *nimekukosa*. Na juu ya mstari, kati ya *s* na *a*, *e* ndogo ya kijani, na kimshale chini yake kinachoonyesha inapoingia. *E* yenyewe ilikuwa imeandikwa, ikakatwa, ikaandikwa tena.

"Hii umeiongeza lini?"

"Alhamisi." Sauti ya Baba ilikuwa ndogo. "Nilishaukabidhi. Nilishafika kituo cha basi. Nikarudi."

"Na wino huu wa kijani?"

"Kalamu ya mlinzi wa getini. Yangu ilikuwa imeisha."

Mama akapitisha kidole juu ya ile *e*. Nilidhani atalia. Mimi nilikuwa tayari kulia naye. Lakini mnamsahau mama yangu ni nani. Aliinua macho na uso wake ulikuwa uso wa ofisini.

"Sentensi haijakamilika. Umenikosea nini?"

Baba akapapasa sikio lake. "Nipe kalamu ni—"

"Kwa mdomo."

"Hapa? Mbele ya wasomaji?"

"Uliponikosea walikuwepo."

Baba akashika kizingiti cha mlango wake. Akajaribu mara moja, ikatoka ile sauti yake ya mhusika mkuu, nzito, ya kusomea kwenye mikutano. Akaiacha. Akaanza tena.

"Nilichukua barua uliyomwandikia mama yako. Sikukuomba. Nilimpa mlevi aiseme, na watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wanacheka. Jioni nilikusikia jikoni umefungua maji ya bomba ili nisikusikie. Niliyasikia maji, nikaendelea kuandika. Nikakwambia ni sanaa. Haikuwa sanaa, ilikuwa barua yako." Akaachia kizingiti. "Nimekukosea."

Miaka yote nimemsikia Baba akiongea kwa sauti za watu. Za maharusi, majambazi, wajane, za Mama mwenyewe. Ile ilikuwa ya nani sikuijua mara moja. Ilikuwa yake.

Fundi Cherehani akainua mikono apige makofi. Nikamshika.

Mama alikunja ukurasa mara nne, kwa mikunjo ileile.

"Na wewe, bwana," akamgeukia mwenye suti. "Siku saba ulikuwa nao mfukoni, ukanipa pole kwa lile neno la gazetini, ukala chakula changu."

"Nimekukosea," Bwana Tanzia akajibu papo hapo. "Nilikuficha kilicho chako kwa sababu nilikuwa naogopa. Sina udhuru."

"Ona alivyo mwepesi!" Baba akapiga kelele. "Mimi limenichukua miaka mitatu, yeye hata nusu dakika!"

"Mimi hulisikia kila siku kwa wafiwa," Bwana Tanzia akasema kwa unyonge. "Wanalisema mbele ya meza yangu, kwa watu wasiosikia tena. Nimejifunza lisicheleweshwe."

"Kwa hiyo kuchelewa kwangu ndio kosa?"

"Sikusema hivyo, mzee mwenzangu."

"Mzee mwenzako ni—"

"Nukta," Mama akasema. Wote wakanigeukia.

"Nimekukosea, Mama."

"Wewe tutaongea."

Harufu ikatufikia, ya sufuria ya tatu ikianza kushika chini. Mama akageuka, akaingia ndani, na mlango akauacha wazi nyuma yake.

Walibaki wawili pale juu ya ngazi, suti nyeusi na shati lenye mikunjo, hawatazamani. Ndani tulisikia sufuria ikiepuliwa, maji, sahani zikitolewa kabatini. Fundi Cherehani alikuwa anahesabu sahani kwa kunyanyua vidole, akafika ya pili, kisha mtu akamkanyaga akapoteza hesabu.

"Ile *e* uliiweka vizuri," Bwana Tanzia akasema chini kwa chini.

"Kalamu ilikuwa mbovu," Baba akajibu.

Hapo Mama akatokea mlangoni. Kitambaa alikuwa amekivua, upawa mkononi, jasho kwenye paji la uso. Hakumtazama Baba. Hakumtazama Bwana Tanzia. Alitazama mahali katikati yao, kwenye ule ukuta.

"Chakula tayari," akasema. "Ingia ule."

Ingia. Hakusema ingieni. *Ule*, hakusema *mle*. Nimemsahihisha mama yangu miaka tisa, wasomaji wangu, na katika miaka hiyo hajakosea umoja na wingi hata mara moja.

Wanaume wawili waliinua mguu kwa pamoja.